Uhandisi wa modeli

Uhandisi wa modeli ni ufundi wa kutengeneza mashine ndogo zinazofanya kazi sawa na mashine kubwa zilizoigwa. Modeli ya kupamba kabati inatosha kufanana na kitu chake kwa sura tu, lakini injini ya mvuke ya mhandisi wa modeli huwa na silinda, pistoni, vali na mara nyingi boila yake yenyewe. Ikiwashiwa moto, maji huchemka, shinikizo hupanda na gurudumu huanza kuzunguka. Kazi hii kwa kawaida hufanyika nyumbani, katika karakana ndogo ya uani au ndani ya gereji. Wengi wanaoifanya ni mafundi wa ridhaa: walimu, makarani, madaktari, madereva, na pia mafundi mitambo waliostaafu ambao hawakuchoka kushika tupa.

Ufundi huu ulistawi kwanza nchini Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Leo una wafuasi pia Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini, Ujerumani, Uswisi na Japani. Mashine zinazoigwa zaidi ni injini za kusimama zilizokuwa zikiendesha viwanda, magarimoshi, trekta za mvuke na injini za meli.

Modeli katika historia ya injini ya mvuke

Watu wengi hudhani kwamba modeli hufuata mashine kubwa. Katika historia ya mvuke mara kadhaa mambo yalikwenda kinyume.

Majira ya baridi ya 1763–1764 James Watt, aliyekuwa fundi wa vyombo vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa modeli ya injini ya Thomas Newcomen ili aitengeneze. Silinda yake ilikuwa na kipenyo cha inchi 2, yaani sentimita 5 hivi, na pistoni ilisafiri inchi 6. Boila ilionekana kuwa kubwa ya kutosha, ila modeli ilipiga mapigo machache tu na kusimama kwa kukosa mvuke. Watt alichunguza sababu. Katika injini ya Newcomen mvuke ulipozwa kwa maji baridi ndani ya silinda yenyewe, kwa hiyo kila pigo lilianza na silinda iliyopoa. Sehemu kubwa ya mvuke mpya iliishia kupasha moto kuta za silinda kabla ya kufanya kazi yoyote. Injini kubwa zilikuwa na kasoro hiyohiyo, lakini katika modeli ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu silinda ndogo ina ukuta mwingi ukilinganisha na ujazo wake. Mwaka 1765 Watt alipata wazo la kupoza mvuke katika chombo cha pembeni, kondensa, na silinda ikabaki moto muda wote. Uvumbuzi huo ulipunguza sana matumizi ya makaa ya mawe. Modeli aliyoitengeneza imehifadhiwa katika makumbusho ya Hunterian mjini Glasgow.

Mnamo 1784 William Murdoch, aliyekuwa mwajiriwa wa Watt na mshirika wake Matthew Boulton, alitengeneza huko Redruth, Cornwall, gari dogo la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa mvuke uliochemshwa na taa ya spiriti. Richard Trevithick naye alitengeneza modeli kabla ya kuunda magari yake makubwa ya mvuke mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa watu hao modeli ilikuwa njia ya kufikiri kwa mikono: kosa katika chombo cha kubebeka kwapani lilikuwa na gharama ndogo kuliko kosa katika mtambo wa tani kadhaa.

Kuanza kwa shughuli ya ridhaa

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 viwanda vya Ujerumani, hasa vya Nürnberg, viliuza kwa wingi injini za mvuke za kuchezea watoto. Nyingi zilikuwa na boila ya shaba njano, taa ya spiriti na silinda inayobembea badala ya vali. Vitu hivyo vilizaa hamu kwa watu waliotaka kitu cha kweli zaidi.

Mwezi wa Januari 1898 Percival Marshall alichapisha jijini London toleo la kwanza la gazeti la The Model Engineer and Amateur Electrician. Mwaka huohuo wasomaji wake walianzisha chama cha wahandisi wa modeli cha London, ambacho baadaye kilijulikana kama Society of Model and Experimental Engineers. Kwa kuwa vitabu vya ufundi wakati huo viliandikwa kwa ajili ya viwanda, gazeti lilijaza pengo: lilieleza kwa maneno mepesi jinsi ya kukereza, kutoboa, kukata hesi na kulehemu, na lilichapisha michoro ambayo mtu angeweza kuifuata hatua kwa hatua. Kuanzia 1907 lilifanya maonyesho ambapo kazi za wasomaji zilishindanishwa.

Kampuni nazo zilijitokeza. W. J. Bassett-Lowke wa Northampton aliuza magarimoshi madogo na vipuri vyake, na kampuni ya Stuart Turner ilijulikana kwa vipande vya kusubu ambavyo mnunuzi alivimalizia mwenyewe. Hii ilikuwa muhimu kwa sababu kuyeyusha chuma nyumbani ni kazi ngumu. Mtu aliyepata silinda, msingi na gurudumu vikiwa vimekwisha kumiminwa kwenye kalibu alibakiwa na kazi ya kuvichonga hadi vifikie vipimo.

Mabishano ya maboila

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wahandisi wa modeli wa Uingereza waligawanyika juu ya swali moja: je, garimoshi dogo la kukimbia juu ya reli zenye upana wa inchi 2½ (milimita 64) linaweza kuchoma makaa ya mawe na kuvuta mtu mzima?

Wasanifu waliosifika, akiwemo Henry Greenly, walishika msimamo kwamba kwa ukubwa huo moto wa makaa hauwezi kutegemewa. Magarimoshi yaliyouzwa madukani yalitumia spiriti, na boila yake ilikuwa na mirija ya maji iliyoning'inia juu ya utambi. Yalikwenda vizuri, lakini nguvu zake zilikuwa chache.

Aliyewapinga aliandika kwa jina la L.B.S.C., herufi zilizotokana na shirika la reli la London, Brighton and South Coast. Alijulikana kwa jina la Lillian Lawrence, na marafiki walimwita Curly. Alijenga garimoshi aliloliita Ayesha, lenye boila ya aina ileile iliyotumika katika reli kubwa: chumba cha moto upande wa nyuma na mirija ya moto inayopita katikati ya maji. Lilichoma makaa na kuvuta watu wazima waliokaa juu ya kigari nyuma yake. Mabishano yaliendelea kurasani, tena kwa ukali, lakini ushahidi ulikuwa umekwisha kupita relini na abiria wake.

Tangu 1924 L.B.S.C. aliandika katika The Model Engineer kwa miongo mingi, akieleza ujenzi wa garimoshi moja baada ya jingine. Lugha yake ilikuwa ya kijiweni, yenye utani, na wasomi wengine hawakuipenda. Hata hivyo ni yeye aliyewafanya watu wasio na mafunzo ya ufundi waamini kwamba wanaweza. Muundo wake uitwao Tich, garimoshi dogo la magurudumu manne kwa reli za inchi 3½, bado hujengwa na wanaoanza. Baada yake walikuja wasanifu kama Martin Evans, ambaye Rob Roy na Simplex yake zimejengwa kwa wingi.

Ukubwa na sheria zake

Magarimoshi ya modeli hutajwa kwa upana wa reli. Vipimo vilivyozoeleka Uingereza ni inchi 2½, 3½ (milimita 89), 5 (milimita 127) na 7¼ (milimita 184). Marekani hutumia pia inchi 4¾ na 7½. Kwa garimoshi la reli za upana wa kawaida wa Ulaya, inchi 3½ ni takriban sehemu ya 16 ya ukubwa halisi, na inchi 7¼ ni takriban sehemu ya 8.

Mfano wa Afrika ya Mashariki unaonyesha hesabu hii vizuri. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilitumia magarimoshi ya Garratt ya daraja la 59, yaliyoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima. Yalikuwa 34, na yalikuwa magarimoshi ya mvuke yenye nguvu kupita yote duniani katika reli za upana wa mita 1. Moja, namba 5918 liitwalo Mount Gelai, linaonekana katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Urefu wake ni karibu mita 32 na uzito wake ni zaidi ya tani 250. Fundi akilipunguza lienee katika reli za inchi 3½, vipimo vyote vinagawanywa kwa 11 na robo hivi. Urefu unakuwa mita 2.8. Uzito haugawanywi kwa 11 bali kwa zaidi ya 1,400, kwa sababu urefu, upana na kimo vyote vimepungua pamoja. Modeli ingekuwa na uzito wa kilogramu 180 hivi: mzigo wa watu wanne kunyanyua, si wa kreni.

Tofauti hii kati ya urefu, eneo na ujazo ndiyo inayomtesa na kumfurahisha mhandisi wa modeli. Kwa kipimo cha sehemu ya 12, eneo la pistoni linapungua mara 144 ilhali uzito wa garimoshi unapungua mara 1,728. Shinikizo likibaki lilelile, modeli ina msukumo mwingi mno kwa uzito wake, na magurudumu yatazunguka mahali pamoja bila kushika reli. Ndiyo maana boila ndogo hufanya kazi kwa baa 5 hadi 7, wakati magarimoshi makubwa ya mwisho yalizidi baa 14. Msuguano wa magurudumu ya chuma juu ya reli ni mdogo, kwa hiyo garimoshi la inchi 5 ambalo watu wawili wanaweza kulibeba huvuta abiria kadhaa bila shida.

Upande wa joto, hesabu ni mbaya. Kama Watt alivyoona, kitu kidogo kina ngozi nyingi kuliko nyama, na hivyo hupoa haraka. Mvuke unaoingia katika silinda ndogo hugusa chuma kilichopoa na sehemu yake hugeuka maji. Katika mashindano ya ufanisi wa magarimoshi madogo, ambamo makaa yanapimwa kabla ya safari na kazi inapimwa kwa kigari chenye mizani, garimoshi nyingi hugeuza asilimia 1 hadi 3 tu ya joto la makaa kuwa kazi ya kuvuta. Magarimoshi makubwa yaliweza kufikia asilimia 6 hadi 8.

Kuna vitu ambavyo haviwezi kupunguzwa hata kidogo. Mrija wa moto wenye kipenyo cha sentimita 5 ungekuwa wa milimita 4 katika sehemu ya 12, na ungezibwa na masizi katika dakika chache. Msanifu huweka mirija michache na minene, kwa kawaida milimita 10 hadi 13. Kioo cha kuonyesha kina cha maji nacho kikiwa chembamba mno kinadanganya, kwa kuwa maji hung'ang'ania kuta za kioo na kusimama juu ya kina cha kweli. Hata moto hauna modeli yake. Bonge la makaa linavunjwa likawa dogo, lakini linaungua kwa kasi yake lenyewe, na dereva wa garimoshi dogo hulazimika kuchochea na kuongeza makaa mara nyingi kuliko yule wa garimoshi kubwa.

Karakana na vifaa

Chombo kikuu ni mashine ya kukereza. Kazi huzunguka, kisu husogezwa kwa skrubu zenye alama, na kitu chochote cha mviringo kinaweza kutengenezwa: pistoni, ekseli, gurudumu, hata mwili wa vali. Huko Uingereza mashine iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Myford ML7, iliyoanza kuuzwa mwaka 1946 na kutengenezwa Beeston karibu na Nottingham. Inaweza kushika kitu chenye kipenyo cha karibu milimita 178 na urefu wa nusu mita. Nyingi za miaka hiyo bado zinafanya kazi. Siku hizi wanaoanza hununua zaidi mashine ndogo kutoka China, ambazo bei yake ni nafuu ingawa mara nyingi huhitaji kurekebishwa kabla ya kuaminika.

Zaidi ya hiyo huhitajika drili ya kusimama, jiliwa imara, msumeno wa chuma, tupa za maumbo mbalimbali, tapu za kukatia hesi na vyombo vya kupimia. Mashine ya milingi inarahisisha mengi lakini haikuwa ya lazima. Vizazi vya kwanza vilichonga nyuso bapa kwa kufunga kazi kwenye mashine ya kukereza, au kwa tupa na subira. Badala ya meza ya chuma ya kukagulia ubapa, wengi hutumia kipande cha kioo kinene. Hupakwa rangi ya buluu, kazi husuguliwa juu yake, na pale rangi inaposhika ndipo pana kinundu cha kuondoa. Vijana wanaosomea ufundi mitambo katika vyuo vya VETA nchini Tanzania watavitambua vifaa hivi mara moja, kwani ni vilevile vya somo la kazi za jiliwa na ukerezaji.

Usahihi ndio kipimo cha fundi. Unywele wa binadamu una unene wa milimita 0.07 hivi. Mhimili unaozunguka ndani ya beringi ya injini ndogo huachiwa nafasi ya karibu milimita 0.02, ukikaza zaidi unakwama, ukilegea zaidi unagonga.

Jinsi injini inavyojengwa

Injini ambayo wengi huanza nayo ni Stuart 10V. Silinda yake ya wima ina kipenyo cha inchi ¾ (milimita 19) na pistoni inasafiri umbali huohuo. Haina boila, inanunuliwa kama vipande ghafi vya kusubu, vyuma vya duara na mchoro.

Kazi huanza kwa kusafisha vipande na kutafuta uso mmoja wa kutegemea. Ukiwa bapa, nyuso nyingine zote hupimwa kutoka hapo. Kosa dogo likiingia katika hatua hii litafuata kila hatua inayokuja. Kisha silinda hufungwa kwenye mashine na kutobolewa kwa kisu kirefu kinachochukua unyoya mwembamba wa chuma kila mara. Tundu na uso wa mwisho wa silinda huchongwa bila kufungua kazi, ili pembe yake iwe mraba kabisa. Anayefungua silinda na kuifunga tena katikati ya hatua hizi hugundua kosa wakati pistoni inapokwama upande mmoja.

Pistoni hukerezwa baada ya silinda, si kabla. Ni rahisi kupunguza pistoni ikaenea tundu kuliko kulikuza tundu kwa kipimo cha pistoni. Katika mfereji wake huzungushwa uzi wenye grafiti au mpira wa duara usiopitisha mvuke. Vitabu vya zamani viliagiza uzi wa asbesto kwa kazi hii na kwa kufunika boila. Vumbi la asbesto husababisha saratani, na anayefungua modeli ya kale inampasa kuwa mwangalifu.

Sehemu inayowachanganya wanafunzi ni vali. Kando ya silinda kuna sanduku lenye uso bapa na matundu matatu: mawili yanaongoza kwenye ncha za silinda, la katikati linatoa mvuke uliokwisha kutumika. Juu yake huteleza kijisanduku kilichopinduliwa. Kikisogea upande mmoja hufungua njia ya mvuke mpya kuelekea ncha moja, na papo hapo huunganisha ncha ya pili na tundu la kutokea. Kinasukumwa na kisahani kilichotobolewa kando ya kitovu chake na kufungwa kwenye mhimili mkuu. Kisahani hicho lazima kitangulie mkono wa mhimili kwa zaidi kidogo ya robo mzunguko. Kikiwekwa vibaya injini itakuwa nzito, itarudi nyuma au haitakwenda kabisa, hata kama kila kipande kimechongwa bila kasoro. Fundi huzungusha gurudumu kwa mkono, hutazama matundu yakifunguka, husogeza kidogo, na hurudia.

Injini mpya hujaribiwa kwanza kwa hewa ya kubanwa kwa shinikizo dogo. Baadaye ikipewa mvuke itahitaji mafuta mazito ya silinda, na njia ya kuyafikisha humo ni ya akili sana. Chupa ndogo ya mafuta huunganishwa na bomba la mvuke. Mvuke kidogo huingia, hupoa na kuwa maji, maji yanazama chini ya mafuta, na mafuta yanasukumwa juu tone baada ya tone kuingia kwenye mkondo. Hakuna pampu wala kipande kinachosogea.

Boila na hatari zake

Injini mbovu haiendi. Boila mbovu inaua, na ukubwa wake mdogo haupaswi kumdanganya mtu.

Maji ya boila yenye shinikizo la baa 6 yana joto la nyuzi 165 hivi. Hayachemki yote kwa sababu yamebanwa. Chombo kikipasuka, shinikizo hutoweka mara moja na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Maji yakiwa mvuke katika hewa ya kawaida hujaza nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. Kwa baa 6 kila sentimita ya mraba ya bamba inasukumwa kwa nguvu ya kilogramu 6. Bamba la sentimita 10 kwa 10, dogo kuliko kurasa za daftari, linabeba msukumo wa kilogramu 600, kama uzito wa fahali mkubwa amesimama juu yake. Kwa hiyo nyuso bapa za chumba cha moto hufungwa pamoja kwa vijiti vingi vya shaba au bronzi, kila kimoja kikibeba sehemu yake. Kiwiliwili cha mviringo hakihitaji vijiti, kwa kuwa umbo la mviringo hugawa msukumo sawasawa.

Boila ndogo nyingi hutengenezwa kwa shaba nyekundu. Haishiki kutu, hupitisha joto haraka na hukunjika vizuri. Fundi hukata bamba, hulipasha moto hadi liwe jekundu, hulizamisha katika maji na kuligonga kwa nyundo ya mbao juu ya kalibu ya chuma. Feleji ikifanyiwa hivyo huwa ngumu, shaba hulainika. Baada ya kugongwa kwa muda inakuwa ngumu tena na kurudishwa motoni. Maungio hulehemiwa kwa aloi ya fedha inayoyeyuka kwenye nyuzi 600 hadi 700. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati haifai kwa boila inayobeba shinikizo: ile inayotumika katika vifaa vya umeme huyeyuka kwenye nyuzi 183 na hupoteza nguvu kabla ya hapo, karibu kabisa na joto la mvuke wenyewe. Baadhi ya aloi za fedha za zamani zilikuwa na kadimi, ambayo moshi wake ni sumu kali. Zilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka 2011.

Boila iliyokamilika hujazwa maji baridi bila kubakiza hewa, kisha pampu ya mkono hupandisha shinikizo hadi mara mbili ya lile la kazi. Maji hayabanwi kirahisi, kwa hiyo chombo kikishindwa kinavuja tu. Kujaribu kwa hewa ya kubanwa ni kosa la hatari, kwa sababu hewa hutunza nguvu kama springi na chombo hupasuka kama bomu. Katika vyama vya Uingereza jaribio hushuhudiwa na mkaguzi ambaye si mjenzi. Linarudiwa baada ya miaka kadhaa kwa mara moja na nusu ya shinikizo la kazi, na kila mwaka hufuatiliwa kama vali ya usalama inafunguka inavyotakiwa boila ikiwa motoni. Bila cheti, garimoshi haliruhusiwi kukimbia mbele ya watu.

Hatari kubwa ya matumizi ni maji kupungua. Sehemu ya juu ya chumba cha moto ikibaki bila maji hupata moto hadi kulainika. Tarehe 29 Julai 2001, katika maonyesho ya Medina kwenye jimbo la Ohio, Marekani, trekta ya mvuke ya zamani ililipuka na kuua watu watano. Haikuwa modeli bali mashine kamili, lakini sababu zake, chuma kilichochakaa na maji machache, ni zilezile ambazo mkaguzi wa boila ndogo huzitafuta. Kwa hiyo kila garimoshi dogo hutakiwa kuwa na angalau njia mbili za kuingiza maji, kwa mfano pampu inayoendeshwa na ekseli na injekta inayotumia mvuke. Ikishindwa moja, dereva ana nyingine, na zikishindwa zote anamwaga moto.

Kazi zilizotukuka

Miongoni mwa wahandisi wa modeli waliosifika ni Cherry Hill wa Uingereza, aliyezaliwa 1931. Alijikita katika trekta na magari ya mvuke ya karne ya 19, hasa mashine za ajabu ambazo hazikufanikiwa au hazikubaki hata moja. Alifanya utafiti katika hati za hataza na picha za kale, akachora kila kipande na kukitengeneza kwa sehemu ya 16 ya ukubwa. Modeli moja ilimchukua miaka kadhaa. Alishinda kombe la Duke of Edinburgh la maonyesho ya The Model Engineer mara tisa. Kwa baadhi ya mashine alizoziiga, modeli yake ndiyo njia pekee ya kuona zilivyofanya kazi.

Upande wa ukubwa unaongozwa na Train Mountain huko Chiloquin, jimbo la Oregon, ambako reli za upana wa inchi 7½ zimetandazwa msituni kwa zaidi ya kilomita 50. Reli nyingi za vyama ni fupi mno ukilinganisha na hiyo: duara la mita mia chache katika bustani ya mji, ambapo watoto hupandishwa mwisho wa juma kwa nauli ndogo inayolipia makaa na bima.

Mabadiliko ya karibuni

Kompyuta imeingia karakanani. Michoro huandaliwa kwa programu, fremu za garimoshi hukatwa kwa leza na kutumwa kwa posta, na mashine za kukereza zinazoendeshwa kwa namba huzalisha vipande vinavyofanana kabisa. Kichapishi cha pande tatu hutumika kutengeneza kielelezo cha plastiki au nta, ambacho huzungushiwa plasta, kuyeyushwa na nafasi yake kujazwa chuma cha moto. Kwa njia hii mtu anaweza kusubu kipande kimoja tu bila kuchonga kalibu ya mbao.

Vyama vimegawanyika kuhusu jambo hili. Baadhi ya waamuzi wa mashindano huuliza ni sehemu gani ya kazi iliyofanywa na mkono wa mshindani. Wengine hujibu kwamba anayechora kipande katika kompyuta bado lazima ajue chuma kinavyopinda na moto unavyopanuka. Gumu zaidi kwa vyama vya zamani ni umri wa wanachama wao. Wengi walijifunza ufundi katika karakana za reli na viwanda ambavyo vimefungwa, na mashine zao zikiuzwa baada ya kifo mara nyingi huenda kwa watu wasiojua kuziendesha, pamoja na garimoshi ambalo halikumalizika na sanduku la vipande visivyo na mchoro.